Inshaallah yangu ilipokuwa uongo



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu hapa chuoni tuna biashara ndogo ya simu. Huyu anauza viatu, yule tende na udi. Mimi nauza mitandio na abaya. Napiga picha, naziweka WhatsApp, mteja anachagua na kunitumia nusu ya pesa kwa Lumicash, nami napeleka vipimo kwa fundi wangu kule Buyenzi. Sina duka wala kodi ya kulipa. Nilipoanza niliona hiyo ni neema tupu. Leo nataka kuwaeleza mtihani uliomo ndani yake.

Ramadhani iliyopita, siku 20 kabla ya Idi, mama mmoja aliniagiza magauni mawili, la binti yake na la mjukuu wake. Alilipa nusu siku ile ile. Kazi yangu ilikuwa kununua kitambaa na kupeleka vipimo, kazi ya asubuhi moja tu. Sikwenda. Siku ya kwanza nilikuwa na mtihani wa darasani, kweli. Ya pili nilichoka na saumu. Ya tatu sikumbuki hata sababu. Kila alipouliza nilimjibu, "Kesho inshaallah, mama." Alipouliza mara ya nne, nilizima zile alama za buluu ili asijue kama nimesoma ujumbe wake.

La ajabu ni kwamba siku hizo sikukaa bure. Nilibadilisha picha ya biashara yangu mara mbili. Niliweka stetasi za mitandio mipya. Usiku, baada ya tarawehe, nilitazama video za watu wanaofundisha namna ya kushinda uvivu na kupata hamasa ya biashara! Niliikimbia kazi moja kwa kujificha ndani ya kazi nyingine.

Nilipofika kwa fundi zilikuwa zimebaki siku 5. Hakusema kitu, alinionyesha tu rundo la vitambaa vya watu waliotangulia. Magauni yalitoka siku ya pili baada ya Idi. Niliyapeleka mwenyewe, na maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni: umeme ulikatika. Ulikatika kweli, na hapa Bujumbura nani asiyeyajua hayo? Lakini si umeme uliochelewesha magauni yale.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Alinilipa nusu iliyobaki bila kupunguza hata faranga moja, kisha akasema, "Mwanangu, ungeniambia siku ya kwanza kwamba huwezi, ningekwenda sokoni. Mtoto asingelia."

Niliporudi nyumbani nilijitetea. Pesa yake sikuila. Nguo amepata, tena nzuri. Nimemdhulumu nini?

Jibu nililipata katika darsa la fiqhi ya biashara. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla hayajavunwa, kwa mwaka mmoja hata miwili. Hakuwakataza. Aliwawekea sharti kwamba kipimo kijulikane, uzani ujulikane na muda ujulikane. Wanavyuoni wanaiita biashara hiyo salam, na ile ya kuagiza kitu kitengenezwe wanaiita istisnaa. Tazama muda ulipowekwa: umekaa safu moja na kipimo. Ningempunja mama yule nusu mita ya kitambaa, ningejiita mwizi. Nilimpunja Idi nzima, nikajiita mvivu.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Nilikuwa nahesabu kuahirisha kuwa udhaifu wangu mwenyewe, jambo kati yangu na nafsi yangu. Kumbe saa nilizozichezea hazikuwa zangu. Mama alizinunua.

Na ile inshaallah? Suratul Kahf inatufundisha tusiseme tutafanya jambo kesho bila kulifunga na utashi wa Allah. Ni neno la mtu aliyekwisha kutia nia, anayekiri kwamba uwezo si wake. Mimi nilikuwa na neno bila nia. Nililitumia jina la Mola kufunika ahadi ambayo sikukusudia kuitimiza. Hilo linanitisha kuliko magauni.

Atasema mtu, haraka haraka haina baraka, na rizki anagawa Allah. Ni kweli. Lakini utulivu ni wa mtu aliyekwisha kuishika kazi, anaifanya vizuri bila papara. Mimi sikuishika. Atasema mwingine, je, petroli ikikosekana, au maradhi? Udhuru upo na dini yetu inautambua. Kipimo ninachotumia sasa ni hiki: udhuru hutangulia kusema, uvivu husubiri kuulizwa.

Kuhusu hamasa, nilikosea kuingoja. Adhana ya Alfajiri haituulizi kama tuna hamu. Tunaamka na usingizi machoni, tunatawadha, na mara nyingine utamu wa swala unakuja katika rakaa ya pili. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali anayoipenda zaidi Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo. Kwa hiyo baada ya Alfajiri, kabla ya kufungua picha yoyote, nafungua daftari lenye jina la mteja, alicholipa na tarehe niliyomuahidi. Siandiki "kesho", naandika tarehe. Naanza na yule aliyesubiri zaidi. Sipokei oda zaidi ya 6 kwa wiki, maana fundi ana mikono miwili tu. Anayekuja wa saba namwambia siwezi. Na alama za buluu nimeziwasha.

Sijapona kabisa. Wiki iliyopita nilichelewesha mtandio siku mbili. Lakini mteja aliambiwa mapema, akachagua mwenyewe kungoja au kurudishiwa pesa.

Ndugu yangu, dada yangu, kama unasoma haya na kuna mtu aliyekulipa anasubiri jibu lako, mjibu kwanza. Gazeti litakungoja. Haki ya Allah tunaomba msamaha Kwake, lakini haki ya mja inataka msamaha wa mwenyewe. Wa mama yule nilimwendea, akanisamehe. Wa mjukuu wake sijui nitauombaje. Ana miaka 6, na Idi ile haitarudi.

Allah atujaalie kuwa wakweli katika ahadi zetu na atubarikie katika wakati wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.