Mtoto Akiiba kwa Njaa, Deni ni la Nani?

*TAFAKARI YA RAMADHANI – SIKU YA 12*



Pale stendi ya mabasi na kule Mbuyuni sokoni wapo watoto wanaolala kwenye vibaraza vya maduka. Mchana wanaokota chupa na vyuma chakavu. Wengine wananusa gundi ili wasisikie njaa na baridi. Tumeshawapa jina: chokoraa. Simu ya mtu ikipotea, jina linabadilika: mwizi! Hapo utamwona mtu amefunga, na fimbo ameshika.

Hivi, mtoto mwenye njaa akiiba, deni ni la nani?

Tusiharakishe kujibu. Mama muuza ndizi ana haki yake, na mtaji wake wote ni lile beseni. Dini yetu haihalalishi wizi. Na kusema "msamehe tu, ni mtoto" ni rahisi kwa ambaye hajaibiwa.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha watumwa wa Hatib. Waliiba ngamia jike wa mtu wa kabila la Muzaina, wakamchinja. Sayyidna Umar (RA) kwanza aliamuru wakatwe mikono. Kisha akamgeukia bwana wao, akamwambia anaona kwamba anawashindisha njaa. Hukumu ikageuka. Akamuuliza mwenye ngamia bei yake, ikatajwa dirham 400. Hatib akaamriwa alipe 800.

Angalieni uadilifu huo. Umar hakusema wizi si kosa, na aliyeibiwa hakuondoka mikono mitupu. Lakini deni alibebeshwa yule aliyepaswa kulisha, akaacha.

Utaniambia, "Shehe, wale si wanangu." Kweli. Basi ni wa nani? Wapo walioshuka kutoka vijiji vya mlimani, ambako kihamba kimegawanywa toka babu hadi mjukuu mpaka migomba haitoshi kulisha nyumba. Wapo waliofiwa na baba. Wapo waliokimbia pombe na kipigo. Kila mmoja ana ukoo, ana shangazi na mjomba, ana jirani aliyesikia kilio usiku akageukia upande wa pili. Akina Hatib wetu ni wengi, ndiyo maana kila mmoja anadhani si yeye.

Ile sura fupi ya Al-Maa'un tunayoisoma sana imemtaja anayemsukuma yatima na asiyehimiza kulishwa maskini, kisha ikawaonya wanaoswali. Ndugu yangu, wanaoswali ni sisi.

Njaa yetu mwezi huu ina saa yake: adhana ya Magharibi ikilia, tende na uji viko mezani. Njaa ya mtoto yule haina adhana.

Sasa tufanye nini?

*1.* Ukisikia "mwizi!" na aliyekamatwa ni mtoto, simama kati. Chako kilichoibiwa kidai kwa njia ya haki, si kwa mawe.

*2.* Akija mlangoni wakati wa futari, asifukuzwe. Mketishe mkekani, muulize jina lake na kwao ni wapi. Shilingi 500 huenda ikaishia kwenye gundi. Sahani ya chakula haiwezi.

*3.* Toa taarifa kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 imetuwekea wajibu huu wanajamii wote. Hapa mjini pia kipo Kituo cha Amani, tangu 2001, kinachosaidia kuwarudisha watoto kwenye familia zao.

*4.* Idi ukipanda mlimani kusalimia wazee, hesabu watoto wa ukoo. Akikosekana mmoja, uliza. Ukijibiwa "yuko mjini", uliza tena: mjini kwa nani?

Ewe Mola, tukubalie funga zetu, na usitufanye miongoni mwa wanaoshiba huku deni la njaa ya mtoto liko shingoni mwao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.