Msizike Udongo wa Juu

Wajukuu zangu wa Nyamirambo, nawaona mnavyokimbilia viwanja vya mlimani na kuita tingatinga kabla hamjajua mmenunua nini. Na ninyi mlioambiwa mlime akarima k'igikoni, yaani bustani ya mboga nyuma ya nyumba, mkarusha mbegu za dodo, yaani mchicha, mkangoja muujiza, haya yanawahusu pia.

Chimbeni kwanza shimo la kufika goti, kisha mtazame ukuta wake. Juu mtaona ukanda wa kiza, pengine hauzidi shibiri. Chini yake ni wekundu mtupu. Ule wa juu ndio wenye chakula: majani yaliyooza, mizizi, kazi ya minyoo. Wekundu ni kutu. Mawe ya milima hii ni ya kale mno, yamepita miaka bilioni moja, na mvua imeyalainisha ikaondoka na kalisi na potasiamu, ikaacha chuma na alumini. Udongo uliooshwa hivyo huwa na tindikali, na chuma chake hukamata fosforasi isiifikie mizizi. Basi maharage yanadumaa hata mkimwaga mbolea ya dukani. Msijipime na ndugu zenu wa Musanze; udongo wao umetoka kwenye volkano za Virunga, bado una madini mengi, na viazi vyao mnavila kila siku. Ninyi tieni chokaa ya kilimo, au majivu ya jikoni kwa kiasi, na mboji msiionee choyo.

Sasa niseme linaloniudhi. Mtu anataka kiwanja tambarare, anakata mlima, udongo wa juu unafukiwa chini ya kifusi na wekundu unabaki juu. Halafu analalamika kwamba mbegu ni mbovu! Wachongao amaterasi kwa ustadi huutenga kwanza udongo wa juu, wakachonga ngazi, kisha wakaurudisha mahali pake. Inauma mgongo, nakubali. Fanyeni.

Mkitaka kujua udongo wenu unashikaje maji, tieni udongo theluthi ya chupa, jazeni maji, tikiseni, kisha muiache. Mchanga hutua ndani ya dakika chache. Udongo wa mfinyanzi huweza kuyachafua maji hadi kesho yake. Chembe hizo zinazokataa kutua ndizo zinazoupaka mto Nyabarongo rangi ya matofali, zikasafiri nao hadi Akagera na Ziwa Victoria. Kila itumba, msimu wa mvua wa kati ya Machi na Mei, mashamba ya watu yanapita chini ya daraja, na sisi tunayatazama tukiwa ndani ya basi.

Msidhani ni hasara ya mboga tu. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua iliangusha milima magharibi na kaskazini mwa Rwanda, Rubavu, Karongi, Rutsiro na kwingineko, wakafa watu zaidi ya 130. Udongo ukishiba maji huwa mzito, na chembe zake hazishikani tena. Kwa hiyo anayekata mteremko nyuma ya nyumba yake bila kuuliza, hata kama ana fundi mwenye cheti, nitampigia kelele.

Umuhindo, msimu mwingine wa mvua, unaanza Septemba. Kabla Agosti haijaisha, pandeni majani ya tembo kwa kukingama mteremko, chimbeni mtaro wa kupokea maji ya bati, na vitalu vifunikwe matandazo. Asiye na jembe aje achukue langu, ila alirudishe limeoshwa.