Kukata na Kuficha

Mtu wa Rongui, kisiwa kile kidogo cha pwani ya Palma, kaskazini mwa Msumbiji, apelekewapo kwa mashua santuri ya DVD yenye mawaidha yaliyorekodiwa nyumbani kutoka katika televisheni, hupokea amana asiyoweza kuipima. Kwani aliyeketi mbele ya kompyuta akaondoa matangazo ya biashara, akafupisha na kuunganisha, ndiye peke yake ajuaye kilichotupwa.

Je, kukata ni kusema uwongo? Wanazuoni wa hadithi walikiita tadlisi kitendo cha msimulizi kulificha jina la yule aliyepokea kutoka kwake, ili silsila ya wasimulizi ionekane imeungana, wala hawakuliona jambo hilo kuwa dogo. Matangazo ya sabuni, kwa rai yangu, yaondoke bila ya dhambi. Bali likikatwa sharti alilolitaja shekhe baada ya hukumu, sauti hubaki yake na maneno yakawa ya mwingine.

Na DVD-R haina marejeo: mwale wa leza huichoma rangi iliyo ndani ya santuri, na kilichochomwa hakifutiki. Gigabaiti 4.7 ni chache, nami natambua jinsi dhiki ya nafasi inavyomshawishi mtu. Lakini mwenye kukata kwa dhiki hiyo na aandike juu ya santuri, kwa wino, kwamba amekata.