Istikhara si Kungojea Ndoto

Alitujia darasani kijana mmoja aliyeitiwa kazi Nairobi. Siku za kujibu zilikuwa zimekwisha, naye hakujibu. Amesali istikhara siku saba, asiote kitu, basi amekaa. Tulipomwuliza alisema, "Sikuonyeshwa."

Ndugu zangu, nani aliyetwambia kuwa istikhara ni kuota? Hadithi yake ameipokea Jabir bin Abdillah, nayo imo katika Bukhari. Humo mna rakaa mbili zisizokuwa za faradhi, kisha dua: mja amwombe Mola wake, kwa ujuzi Wake, amsahilishie jambo lile likiwa ni kheri, na amwepushe nalo likiwa ni shari. Kulala hakukutajwa, wala rangi nyeupe na nyeusi ambazo watu wetu wamezishika kana kwamba ni sharia. Ukishasali, shauriana na wenye akili, kisha lishike jambo lako. Mwenye kufungua mlango au kuufunga ni Mwenyezi Mungu.

Hatusemi kuwa ndoto zote ni upuuzi. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa ndoto njema ni sehemu moja katika sehemu 46 za Utume. Lakini amefundisha pia kuwa nyingine ni vitisho vya Shetani, na nyingine ni mazungumzo ya mtu na nafsi yake. Na hizi za mwisho ndizo nyingi! Atamaniye cheo huota amevaa kilemba.

Mtazameni Nabii Yusuf (A.S.). Aliota nyota kumi na moja, jua na mwezi vikimsujudia, na baba yake akamkataza asiwasimulie nduguze. Baada ya hapo hatusomi kuwa aliikimbilia ndoto ile hata hatua moja. Alitupwa kisimani, akauzwa, akatumika kwa uaminifu, akafungwa bila ya kosa. Hata ndoto ya mfalme alipoifasiri, aliigeuza kazi: walime miaka saba, na mavuno wayaache katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Na alipoitwa mbele ya mfalme hakudai kuwa aliota utotoni. Aliomba hazina za nchi kwa kuwa anajua kuhifadhi na ana elimu. Ndoto yake aliitaja wazazi wake walipokwisha kufika Misri.

Kijana wetu tulimwambia awaandikie usiku ule ule, awatake radhi kwa kuchelewa. Ameandika. Jibu halijafika.