Dhana na Yakini

Kila mwalimu wa lugha hufikiwa na siku ambayo neno la kale humkabili, maana yake haijulikani, na darasa zima linamtazama. Je, ni halali kwake kukisia?

Tutwae mfano kutoka Uskoti, nchi yenye hazina kubwa ya maneno ya kale. Huko "greet" maana yake ni kulia, na Mwingereza huliandika neno hilo hilo kwa maana ya kusalimu. Mwingereza asomapo habari za mama Mskoti aliaye kaburini, aweza kudhani kwamba mama huyo anatoa salamu!

Liko jambo kubwa zaidi. Mwaka 1820 Sir Walter Scott, mwandishi Mskoti, alitoa riwaya yake The Monastery. Katika baadhi ya matoleo likaonekana neno geni, "morse". Wasomaji wawili wakalifasiri jaridani. Mmoja alisema asili yake ni Kifaransa cha kale, na maana yake ni kutia bunduki baruti ya kuwashia. Wa pili akalirudisha kwenye Kilatini, kuuma. Huyu wa pili akashikilia kwamba haimkiniki kosa la chapa lisomwe miaka hamsini bila kugunduliwa. Hati ya mkono ya Scott ilipotazamwa, lilikutwa neno la kawaida, "nurse", yaani kulea. Profesa Skeat, aliyeyasimulia hayo mwaka 1886, aliyaita maneno kama hayo mizuka.

Kosa halikuwa kukisia. Hata John Jamieson, aliyetoa kamusi yake ya Kiskoti mwaka 1808, alikisia asili za maneno mengi. Kosa ni kuivika dhana joho la yakini.

Sisi tufundishao tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu twaijua hatari hiyo, maana nukta moja ikihama, neno hugeuka. Wako watakaosema kwamba mwalimu asemaye "nadhani" hujivunjia heshima. Lakini msomi mwenzetu aweza kutupinga, mwanafunzi hawezi. Yeye huandika daftarini tulisemalo, na kesho huwafundisha wengine. Akiambiwa kwamba hii ni dhana, ataendelea kutafuta; akiambiwa kwamba ni yakini, ataacha. Basi tukisie, ndugu walimu, lakini dhana tuiite dhana. Hiyo ni haki ya mwanafunzi juu yetu.