Hesabu ya kompyuta si yakini

Katika nchi za Ghuba mamilioni ya watu, wakiwemo jamaa zetu wa Oman wanaozungumza Kiswahili, hunywa maji yaliyotoka baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina wastani wa gramu 35 za chumvi. Katika Ghuba mara nyingi huzidi 40. Kwenye mitambo mingi maji hayo husukumwa kwa mgandamizo wa takriban mara 55 hadi 70 ya ule wa hewa, yapenye utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi. Kabla mtambo haujajengwa, kompyuta hukokotoa: utando kiasi gani, umeme kiasi gani, chumvi kiasi gani itabaki.

Swali langu ni hili: kompyuta ikitoa jibu sahihi, je, tuseme inajua?

Hesabu hizo kwa muda mrefu zimejengwa juu ya maelezo ya miaka ya 1960, kwamba maji huyeyuka ndani ya utando kisha hupenya molekuli moja moja. Mwaka 2023 watafiti, akiwemo Menachem Elimelech wa Chuo Kikuu cha Yale, waliandika katika jarida la Science Advances kwamba sivyo. Kwa vipimo vya maabara na uigizaji wa kompyuta, walisema maji hupita katika vijitundu, yakisukumwa na mgandamizo. Wapo wataalamu wanaoyatetea maelezo ya zamani.

Hata hivyo, miaka yote hiyo mitambo imetoa maji safi. Imewezekanaje, ilhali sababu yenyewe inabishaniwa? Ni kwa kuwa namba muhimu za hesabu hizo hupatikana kwa kuupima utando wenyewe. Kipimo ndicho kilichoibeba hesabu.

Atatokea wa kusema: maji yakiwa safi, maelezo yanatuhusu nini? Namjibu: yanatuhusu pale tunapovuka mpaka wa kile tulichokipima. Boroni hupenya utando kwa urahisi kuliko chumvi. Aliyepima chumvi peke yake hawezi kuapa juu ya boroni. Kati ya mwaka 2008 na 2009 mwani mwekundu ulienea Ghuba na pwani ya Oman, na baadhi ya mitambo ya kuondoa chumvi ikalazimika kusimama. Kompyuta hukokotoa bahari iliyoelezwa, siyo bahari iliyopo.

Hapa ndipo penye suala la maadili. Kutenda kwa dhana yenye nguvu si kosa. Tabibu, nahodha na mkulima hufanya hivyo kila siku, na anayengoja yakini kamili atakufa kwa kiu. Kosa ni kuivika dhana joho la yakini, kisha kumwambia mnywaji, "Kompyuta imesema." Kompyuta haiulizwi, haioni haya, wala haina mtoto anayekunywa maji hayo. Amana ni ya yule aliyechagua namba, aliyeweka sahihi, na aliyetakiwa kurudi kupima akaona uvivu.

Kwa hiyo, tukiletewa hesabu, iwe ya maji, dawa au daraja, tuulize mambo matatu: kimepimwa nini, kimepimwa wapi, na nani atajibu mambo yakienda kombo? Asiye na jibu la swali la tatu asipewe kisima cha watu.