Hesabu za Zaka na Mashahidi Wake
Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inaagiza deni liandikwe na lishuhudiwe. Mimi, mtunza hesabu za zaka msikitini kwetu Tanga, naipima kompyuta kwa aya hiyo: nitumie jedwali au hifadhidata? Jedwali la Excel kila mzee wa kamati hulifungua akasoma. Lakini mtu akibadili 50,000 kuwa 30,000 na kuhifadhi, jedwali la kawaida halionyeshi nani aliyegeuza tarakimu hiyo. Hifadhidata yaweza kupangwa irekodi nani kabadili nini na lini. Ila ikieleweka na fundi peke yake, wengine wanashuhudia wasichokiona. Maadamu mwandishi ni mmoja, nachagua jedwali, lichapwe na kusainiwa kila mwezi. Waandishi wakiongezeka, amana inadai hifadhidata. Haki ya maskini itangulie urahisi wangu.